Kamba ya Kuzimia Boti

Kaka yangu alipandisha wageni mlimani kwa miaka kumi na minane, mpaka magoti yakamkatalia. Daktari alimwambia kwamba akiendelea atatembelea fimbo kabla hata ya kuzeeka. Akarudi Kirua Vunjo kwa mama, akakaa karibu mwaka mzima akikata majani ya ng'ombe na kugombana na kila aliyepita kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Halafu asubuhi moja akaja Njoro, pembeni mwa mji wa Moshi, kwenye chumba changu cha ushonaji, akakaa kwenye benchi la wateja na kuniambia amenunua boti.

"Boti ya nini tena?" nikamwuliza. "Sisi watu wa migombani."

"Ya kule bwawani, Nyumba ya Mungu. Wageni wakishuka mlimani wanabaki na siku moja au mbili hawana la kufanya. Nitawapeleka wakaone viboko."

Nilikuwa sijamwona akicheka tangu aache kazi. Siku hiyo alicheka, na mimi nikaacha kuuliza maswali.

Ilikuwa boti ya jeti, mali ya mtu aliyekuwa akiitumia kwenye ziwa jingine huko mbali kabla ya kuitelekeza juani. Kaka alichukua chaki yangu ya kupimia nguo, akanichorea juu ya meza jinsi inavyofanya kazi. Haina pangaboi nyuma. Injini inafyonza maji chini ya tumbo la boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, na mtemo huohuo ndio unaoisukuma na ndio unaoigeuza.

"Kwa hiyo ukipunguza moto wa injini ghafla, usukani hauna kazi," alisema. "Boti inaendelea kwenda ilikokuwa imeelekea. Hilo ndilo la kuzoea."

Alilijua. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walidai kwamba alinunua kitu asichokielewa. Alikielewa vizuri sana.

Boti ilikuja na majaketi okozi matano. Kitambaa chake kilikuwa kimeiva kwa jua, ukikivuta kinachanika kama karatasi. Kaka alitaka kuyatupa. Nikayafumua moja moja, nikabonyeza lile sponji gumu la ndani kwa dole gumba. Manne yalirudi yalivyokuwa, moja likabaki na shimo na kumwaga unga. Hilo nililitupa. Yale manne niliyashonea kitambaa cha turubai, nikaweka mikanda mipya na vifungio vya plastiki vya mabegi ya shule, nikashonea kila moja filimbi kifuani, zile za marefa wa mpira. Tulikwenda kwa jirani mwenye tangi kubwa la maji, tukayazamisha na jiwe la kusagia limefungwa chini, na yote yakaelea. La tano nililitengeneza mwanzo mwisho kwa sponji nililolipata kwa fundi wa majokofu. Nililipima mara tatu kwa kuwa sikuliamini.

Tulifanya na mambo mengine madogo ambayo mtu yeyote angeyamudu. Dumu tupu la lita tano nililifunga kwenye kamba ndefu, la kumrushia aliyeanguka majini. Kopo la kuchotea maji tulilifunga kwenye boti kwa kamba lisije likapotea. Kaka alibandika zile stika za kung'aa za malori ubavuni, pande zote mbili. Alikuwa mtu wa tahadhari. Mlimani alikuwa anajulikana kwa kuwageuza wageni njiani, hata waliolia na kumtukana, akiona tu midomo imeanza kubadilika rangi.

Siku niliyoyapeleka majaketi bwawani ndiyo siku niliyokutana na mwenzake. Alikuwa mvuvi wa pale, mtu wa miaka kama sitini, mrefu, mkavu, kifua kimejaa mvi. Kaka alimchukua awe anakaa mbele ya boti kumwonyesha njia, maana maji ya bwawa yakipungua visiki vya miti iliyozamishwa zamani vinabaki chini kidogo tu ya uso wa maji, na wavuvi wanavijua kama sisi tunavyojua mashina ya migomba yetu.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba binti. Wewe ndiye fundi?" Akalichukua jaketi moja, akalivaa, likaishia juu ya kitovu. Akacheka mpaka akakohoa. "Umenishonea blauzi!"

"Nitakushonea la kwako, baba. Nipe vipimo."

"Acha. Mimi nimezaliwa ndani ya haya maji. Valisha wageni."

Nilimpima hivyo hivyo, kwa utepe wangu, huku akiendelea kucheka. Nikaandika vipimo vyake kwenye daftari.

Nilipopanda kwenye boti kupanga majaketi ndipo nilipoona, karibu na usukani, swichi nyekundu iliyochomekwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Hiki ni nini, kaka?"

"Hapo panakaa kamba ya kuzimia. Ncha moja unaifunga mkononi, nyingine inashika hapo. Ukianguka inachomoka, injini inazima. Ile ya kwake ilipotea, na bila kitu hapo injini haiwaki. Ndiyo maana nimeweka mpira."

"Kwa hiyo ukianguka?"

"Sijaanguka," akasema. "Nitanunua nyingine. Ni kitu kidogo."

Kilikuwa kitu kidogo kweli. Wiki mbili baadaye nilikuwa Moshi katikati ya mji kutafuta nyuzi, nikapita mbele ya duka la spea, nikaiona inaning'inia kwenye msumari pamoja na nyaya za pikipiki. Kamba nyekundu iliyojiviringa kama waya wa simu za zamani. Bei yake haikufika ya mita mbili za kitenge. Nikampigia kaka simu nikiwa nimeishika mkononi.

"Sina hakika kama kichwa chake kitaingia," alisema. "Kuna za aina nyingi. Subiri, Jumatatu nakuja mjini mwenyewe, nakuja na ile swichi."

Nikairudisha kwenye msumari. Nilikuwa na sare za harusi za kumalizia, wanawake kumi na wanne wa kwaya moja, na kila mmoja alikuwa amenenepa tangu nimpime. Jaketi la yule mzee nalo lilikuwa mezani, limekatwa lakini halijashonwa. Nikalisukuma chini ya meza pamoja na marundo ya vitenge nikijiambia kwamba harusi ikipita ndilo la kwanza.

Ajali ilitokea Jumamosi iliyotangulia hiyo Jumatatu.

Kaka amewahi kunisimulia mara moja tu, na sikumwomba arudie. Hawakuwa na wageni siku hiyo. Walikuwa wameitoa boti kuijaribu, kwa sababu juzi yake ilikuwa imefyonza majani ya majini ikakosa nguvu, na kaka alikuwa ametoka kuisafisha. Majaketi yalikuwa kwenye sanduku la mbele, yamefungwa vizuri kwenye mfuko wake, maana hayo yalikuwa ya wageni. Asubuhi ilikuwa tulivu. Mzee alikaa mbele, miguu ameikunja, akionyesha kwa mkono kushoto, kulia.

Walikuwa wameongeza mwendo mzee alipopiga kelele na kunyoosha mkono. Mbele palikuwa na kisiki. Na kaka, aliyenifundisha mimi kwa chaki juu ya meza, akafanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote hufanya. Akapunguza moto. Boti ikaacha kusikia usukani, ikaenda moja kwa moja, ikagonga kisiki.

Mzee alirushwa mbele. Kaka alirushwa ubavuni, na katika kuanguka akajaribu kujishika, mkono wake ukausukuma mbele kabisa ule wenzo wa kuongezea moto wa injini. Alipoibuka, boti ilikuwa inakwenda peke yake, usukani umelala upande mmoja, inazunguka.

Kaka hajui kuogelea sana. Alikishika kisiki. Mzee hakuwa ameumia, alikuwa mbali kidogo, anaelea bila wasiwasi. Kaka anasema mzee alimwita, "Kapteni, shika hapo hapo! Naifuata!" Alimwita kapteni siku zote, kwa utani. Naye kaka akampigia kelele aiache, aje kwenye kisiki. Lakini mzee alikuwa muogeleaji, na boti ilikuwa mali ya rafiki yake. Aliisubiri izunguke ili adandie ubavuni, kama alivyokuwa akidandia mitumbwi maisha yake yote.

Mara ya kwanza ilimpita. Mara ya pili haikumpita.

Boti iliendelea kuzunguka muda mrefu. Kaka hakuweza kuachia kisiki wala kusogea, kila ilipokuja alikuwa anajificha upande wa pili. Ilizima yenyewe ilipofyonza majani. Wavuvi wawili wenye mtumbwi walimtoa yeye kwanza. Mzee walimpata jioni kwenye matete.

Polisi walichukua maelezo, na mtu wa ukaguzi wa vyombo vya majini alikuja akapiga picha ile swichi na kipande chake cha mpira. Nilikuwepo. Alikitoa kile kipande kwa vidole viwili, akakiangalia, akakitia kwenye bahasha. Hakumkaripia kaka. Nadhani kama angemkaripia ingekuwa afadhali.

Kaka akarudi Kirua. Ilikuwa majira ya masika, ukungu unashuka mpaka kwenye paa la banda, siku tatu au nne zinapita mlima haujaonekana hata mguu wake. Alikamua ng'ombe, akalala, akaamka, akakamua. Mama alimpikia mtori wa ndizi akamwekea mbele, akautazama mpaka ukaganda. Mchungaji wa usharika wetu alikuja mara mbili. Kaka alimsikiliza kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akaketi pale pale.

Mimi nilimaliza sare za harusi. Ile turubai iliyokatwa kwa vipimo vya mzee ilikuwa bado chini ya meza. Nilikuwa naikwepa na mguu kila nilipokanyaga pedali ya cherehani.

Baada ya arobaini mama alisema, "Nendeni mkamwone mjane. Na wewe fundi uende, huyu peke yake hatafika, atageukia njiani."

Tukachukua maziwa, mkungu wa ndizi na sukari, tukashuka. Ukitoka kwetu kwenda bwawani ni kama kushuka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Migomba inaisha, mvua inaisha, vumbi linaanza, na jua linakupiga usoni. Mjane alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua dagaa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Alitukaribisha kwa viti, akapokea vitu, akashukuru. Tulisalimiana kwa muda mrefu kama ilivyo desturi, habari za nyumbani, za mama, za mvua, na muda wote kaka alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Kisha mjane akamwuliza kaka, "Wanasema palikuwa na kamba."

"Ndiyo," kaka akasema. "Ilitakiwa iwepo."

"Ingekuwepo boti ingezima?"

"Ingezima pale pale."

"Ni kamba kubwa?"

Kaka akaweka kiganja cha mkono mmoja juu ya mkono mwingine, kwenye kiwiko, akaonyesha urefu kutoka hapo mpaka vidoleni. Mjane akauangalia mkono ule, akauangalia tena, kisha akarudi kwenye dagaa wake.

"Haya," akasema.

Hakutufukuza, wala hakutuombea mabaya. Alitupa maji ya kunywa na kutuaga. Lakini nilimsikia kaka akipumua njiani kama mtu aliyebebeshwa gunia kwenye mwinuko, mpaka Moshi. Tulipofika mjini aliniomba nimpeleke kwenye lile duka la spea. Alinunua kamba zote walizokuwa nazo, tisa, za vichwa mbalimbali.

Tangu siku hiyo akawa anashuka bwawani kila wiki. Mitumbwi mingi pale ni ya makasia na haina haja ya kamba, lakini kuna waliofunga injini ndogo nyuma, na karibu wote swichi zao zilikuwa zimekwamishwa kwa kijiti, kwa msumari, kwa gundi. Kaka alikwenda kwa mmoja mmoja. Aliwapelekea kamba, madumu yenye kamba ndefu, filimbi, na majaketi niliyoyashona usiku na mchana bila kupumzika, kwa sababu kazi ilikuwa inanisaidia nisifikiri.

Nilikwenda naye siku moja. Alikuwa amechutama kwenye mtumbwi wa mtu, anajaribisha kamba ipi inaingia kwenye swichi, na mvuvi mmoja aliyesimama pembeni akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wewe ndiye uliyemuua mwenzetu. Leo unakuja kutufundisha kuishi?"

Nilitamani kaka ainuke tuondoke.

"Ndiyo," kaka akasema. Akaendelea kuijaribu ile kamba. Ilikuwa haiingii, akachukua nyingine.

Wengine walipokea na kutumia. Wengine walipokea na kuondoka nazo. Niliona jaketi langu moja limegeuzwa kiti cha mama anayeuza vitumbua, na jingine wamemlazia kuku anayeatamia. Kamba mbili zilionekana zikiwa zimefunga funguo za pikipiki. Kaka hakukasirika. Alisema mlimani pia watu walikuwa wanaambiwa wanywe maji na hawanywi.

Kwa muda wote huo kulikuwa na jambo kati yetu ambalo mimi sikulisema. Lilinitoka siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi kwa mama, sisi wawili tu, mvua inanyesha juu ya bati.

"Kaka, mimi niliishika ile kamba mkononi. Ningeinunua tu."

"Najua. Ulinipigia simu."

"Ningeinunua bila kukupigia."

Aliendelea kupukuchua. Alimaliza gunzi lile, akachukua jingine. "Nami ningefunga kamba yoyote ya katani, ningechomeka kijiti kinachochomoka. Nililifikiria siku ileile ya kwanza. Nikaona litaonekana la kishamba mbele ya wageni." Akalitupa gunzi kwenye kikapu. "Usiibebe hiyo lawama. Ya kwangu inatosha nyumba nzima."

Alisema hivyo kunitua mzigo, najua, lakini hakunitua. Sijui kama kuna mtu anaweza.

Boti yenyewe ilikaa chini ya turubai kwenye uwanja wa mtu karibu na bwawa, ubavu umepasuka. Mwaka jana alitokea mnunuzi, mtu mzima aliyesema ana hoteli ndogo kandokando ya ziwa fulani. Kaka alitumia mwezi mzima kuitengeneza kabla ya kuikabidhi. Aliziba ufa, akabadili swichi, akaweka wavu wa chuma kwenye mdomo wa kufyonzea maji ili majani na nyavu visiingie kirahisi, akafunga kizima moto kidogo cha gari karibu na injini na kasia moja ubavuni. Mimi nilishona majaketi saba, mawili yakiwa marefu.

Siku ya kukabidhi, mnunuzi alitaka waisukume majini, aiwashe, basi. Kaka akamwambia avae jaketi na afunge kamba mkononi kwanza.

"Nitavaa nikifika kwangu," yule bwana akasema. "Hapa ni kina cha magoti."

"Vaa hapa."

"Bwana, mimi ndiye ninayenunua."

"Basi usinunue," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alikuwa amesimama kwenye maji, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Yule bwana alinitazama mimi, kama vile ningemsaidia. Mwishowe akavaa. Kaka akamfunga kamba mwenyewe, akamwambia awashe, kisha aruke. Yule bwana aliruka, maji yakamrukia hadi usoni, na injini ikakata palepale. Kaka akamwambia apande, awashe, aruke tena. Mara tatu. Ya tatu yule bwana alikuwa amekasirika kabisa, suruali inamchuruzika, akamwuliza kaka kama ana akili timamu.

Kaka alisaidia kuipakia boti kwenye lori, akakaza mikanda, akaujaribu kila mmoja kwa kuuvuta. Lori likaondoka na vumbi lake. Fedha aliyolipwa aliipeleka kwa mjane siku hiyo hiyo, yote, mimi nikimsubiri barabarani kwa kuwa hakutaka niingie. Alirudi baada ya muda mfupi sana. Sikumwuliza walichozungumza.

Tulipofika Kirua mvua ilikuwa imeanza tena. Mama alikuwa ameshawasha moto, akamwuliza kaka kama amekula. Akasema bado. Akavua viatu vyake vilivyolowa, akaviegemeza karibu na mafiga, akaenda bandani kumtazama ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa.